Kiti cha Miguu Mitatu na Mstari wa Arobaini na Moja

Mwanangu Mapendo,

Habari za sweta, dawa ya malaria, na namna ya kuufunga mkoba tumboni ukiwa umelala ndani ya basi, mama yako amekwisha kukupa zote, nyingine mara mbili. Nimemsikia kupitia ukuta. Mimi sina la kuongeza hapo. Kwangu kumebaki jambo moja tu, nalo ni la aibu kidogo kwa mtu wa umri wangu: wiki ya tatu sasa mimi na wewe hatuzungumzi, na kesho saa moja asubuhi unapanda basi la Kigali kwenda kuanza kazi mpya.

Hatujatukanana, hilo nalishukuru. Tunasalimiana. Unanipisha mlangoni. Lakini mengine yote tunayapitisha kwa mama yako, kama nchi mbili zinazotumia ubalozi wa nchi ya tatu. "Mama, mwambie Baba chai iko tayari." "Mama Mapendo, mwambie binti yako nimesikia." Naye anasimama katikati, birika mkononi, akitugeukia mmoja mmoja. Juzi akachoka. Akaliweka birika chini, akasema, "Banange! Mngekuwa mnagombania mpaka wa kiwanja, ningeelewa. Nyinyi mnagombania mstari wa kompyuta. Mstari ambao hata kuukanyaga huwezi!"

Wewe ulitazama sahani yako. Mimi nilitazama yangu. Niliona bega lako likitikisika, nikajua unazuia kicheko, na mimi nilikuwa nazuia changu. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Basi leo nakuwa wa kwanza. Ni saa kumi na moja jioni, nimekaa kwenye meza ya dirishani, na mtaa wetu mzima wa Kamwokya unapika. Kinyozi wa chini amefungua muziki wake mpaka glasi zinatetemeka kabatini. Barua hii nitaiweka mkobani mwako, chini ya nyaya zako za kompyuta, uikute ukishaipita Kabale, karibu na mpaka, mahali ambapo huwezi tena kurudi kunibishia.

Unakumbuka ulivyoniingiza katika mambo haya? Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ule ugonjwa, nami, mwalimu wa hesabu asiye na darasa, nilikuwa nashinda nyumbani nikipanga vitabu upya. Kwanza kwa majina ya waandishi, halafu kwa masomo, halafu kwa urefu. Siku uliyonikuta naanza kuvipanga kwa rangi ulinihurumia. Ukanivutia kiti mbele ya kompyuta, ukasema, "Baba, kama ni kupanga, kuna mahali wanakuhitaji."

Ukanionyesha maktaba sanifu ya ile lugha ya programu unayoifanyia kazi. Mimi nilidhani maktaba ni mahali pa vitabu, ukanieleza kwa subira. Ni ghala la vipande vilivyokwisha kuandikwa, vinavyokuja pamoja na lugha yenyewe: kipande cha kupanga majina, kipande cha kuhesabu siku, kipande cha kukata maandishi yawe mistari mistari. Kila anayeandika programu, popote alipo duniani, anavikuta tayari na kuvitumia, kama mtu anavyowasha taa bila kumkumbuka fundi aliyevuta waya. Na kama ghala lolote la miaka mingi, lina vumbi. Kuna maelezo yanayotaja kitu kilichofutwa zamani. Kuna kazi moja iliyoandikwa mara mbili, katika vyumba viwili tofauti. Kuna neno lililodondosha herufi na hakuna aliyeinama kuiokota. "Waandishi wakubwa hawana muda wa vumbi," ulisema. "Wanaofagia ni watu wenye macho ya kusahihisha madaftari."

Rekebisho langu la kwanza lilikuwa herufi moja. Niliitazama siku mbili kabla ya kuituma, kana kwamba herufi ile ingeweza kumuua mtu. Asubuhi iliyofuata mtu nisiyemjua alijibu: asante, nimelipokea. Na toleo jipya lilipotoka ukanionyesha orodha ndefu ya watu waliolisaidia, na mle ndani, baada ya jina la mtu wa Finlandi, palikuwa na jina langu.

Jina langu limeandikwa katika orodha nyingi, Mapendo. Tangu nilipotoka Bukavu na mfuko mmoja nimekuwa kwenye orodha ya waliovuka, orodha ya mablanketi, orodha ya wanaosubiri kadi, orodha ya wanaoambiwa warudi wiki ijayo. Zote zilikuwa orodha za watu wanaohitaji kitu. Ile ilikuwa ya kwanza kunitaja kwa sababu nimetoa kitu, hata kama kitu chenyewe ni herufi moja. Wakati ule sikukuambia. Nilikuambia macho yananiuma kwa sababu ya mwanga wa kompyuta, ukaenda kunipunguzia mwanga.

Baada ya hapo nilinogewa. Mwaka wa kwanza nilisahihisha maelezo. Mwaka wa pili nikaanza kuondoa marudio, kubadilisha maandishi ya kizamani, kufuta majina yasiyotumiwa na mtu. Kila asubuhi kabla ya uji, rekebisho moja, dogo, safi. Nikapata sifa. Na sifa, kwa mtu mwenye ugonjwa wangu, ni kama chumvi kwa mbuzi. Nikaanza kuona vumbi hata pasipo na vumbi.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko kompyuta. Kisa cha kiti umekisikia kwa mama yako, lakini yeye hukisimulia ili watu wacheke. Mimi nataka kukisimulia vizuri.

Ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama yako alikuwa na duka lile lile la vitenge alilo nalo leo sokoni Kikuubo, alilorithi kwa baba yake, aliyelirithi kwa baba yake, watu ambao wazee wao walifika huku na biashara kutoka pwani na hawakuona sababu ya kurudi. Akaenda harusini Jinja kwa siku nne, wewe mgongoni, akaniachia funguo. Mimi nilikuwa mgeni mjini, mgeni katika ukoo, mgeni hata katika lugha ya sokoni, na nilitaka sana kuonyesha kwamba mkwe huyu aliyekuja na mfuko mmoja ana faida. Kwa hiyo nikasafisha. Nilipanga vitenge kwa rangi. (Naam, hata wakati ule.) Nikapaka upya kibao cha jina juu ya mlango, herufi nzuri, za mwalimu. Na pale chini, kwenye nguzo ya mlango, niliona kiti kibovu chenye miguu mitatu, kimeegemezwa ukutani, hakikaliki, kimeziba njia. Nikampa mama muuza chapati akachochee moto.

Kesho yake asubuhi akaja mpagazi, robota kubwa kichwani, jasho mpaka kwenye kope. Akapita mbele ya duka. Akarudi. Akapita tena.

"Mzee, kiti iko wapi?"

"Kiti gani?"

"Ile ya miguu tatu. Sisi nafika kwa kiti, natupa mzigo. Sasa kiti hakuna."

Nikamwambia, kwa upole wa darasani, "Ndugu yangu, jina la duka limeandikwa pale juu. Kubwa."

Alisimama akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Macho tu ndiyo yalisogea. Akasema, "Mzee, mimi nabeba na kichwa. Juu nitaangalia namna gani?"

Mapendo, nimesoma vitabu vingi, na sijui kama nimewahi kufundishwa na yeyote kwa sentensi fupi kama ile. Kibao changu kizuri kilikuwa kwa ajili ya watu wasiobeba kitu. Waliobeba walikuwa wanatazama chini, na chini nilikuwa nimewaondolea alama yao pekee. Siku hiyo marobota mawili yaliishia kwa muuza ndoo na moja kwa muuza maua ya plastiki, na nilizunguka Kikuubo mpaka magharibi nikiyadai moja moja, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho kila mtu alikifurahia isipokuwa mimi.

Mama yako aliporudi hakukasirika. Alizunguka duka lote, akavigusa vitenge vyangu vya rangi, akatoka nje akaitazama nguzo. Kisha akasema, "Mwalimu, umelisafisha duka mpaka limepotea."

Akaenda soko la Owino akaniletea kiti. Kizima, cha mninga, miguu yote minne. Akanipa na msumeno. Nilikata mguu wa kiti kizima kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya majirani, mama yako akinishikia. "Kata vizuri," alisema, "usije ukaharibu." Kiti hicho ndicho unachokijua wewe. Umekulia kando yake na hukuwahi kuuliza mguu wa nne uko wapi.

Hicho ndicho kisa cha kuchekesha. Kuna kingine, hicho mama yako hakijui, na wewe huenda umekisahau.

Ulikuwa na miaka saba. Ulirudi shuleni mbio, begi limefunguka, ukasimama mbele yangu hapa hapa kwenye meza hii, ukaanza kunisimulia habari ya mbuzi aliyeingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Ulisimulia kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, kile cha Kamwokya, kinachopita njia ya mkato kila mahali. Nami nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimepoteza nyumba, ziwa, shule niliyofundisha, na niliona kama Kiswahili changu ndicho samani pekee niliyovuka nayo, na wewe unaikwaruza. Nikakusahihisha neno. Ukalirudia, ukaendelea. Nikakusahihisha tena. Mara ya tatu mbuzi alikuwa amekwisha kupanda juu ya meza ya mwalimu mkuu na ana karatasi mdomoni. Nikakusahihisha. Ukasema, "Basi, Baba." Ukaenda jikoni.

Tangu siku ile, habari za shule ulimpelekea mama yako. Mimi ulinijibu vizuri sana, kwa sentensi fupi zisizo na kosa. Niliwaambia wenzangu, binti yangu anazungumza Kiswahili safi. Ilikuwa kweli. Na mpaka leo sijui mbuzi yule aliishia wapi.

Sasa nifike kwenye mstari wa arobaini na moja.

Walipokukabidhi wewe sehemu ya maandishi katika ghala lile, uwe mhakiki wake, mtu anayesoma marekebisho ya wengine na kusema hili lipite, hili lirudi, nilifurahi hata nikamwambia kinyozi. Na nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba sasa nina mtoto langoni. Nikaandaa rekebisho, nikalipa jina "Usafi mdogo". Ndani yake mlikuwa na herufi mbili zilizokosewa, kazi moja iliyorudiwa niliyoiondoa, na kitu kimoja zaidi. Kile kipande cha kukata maandishi yawe mistari kilikuwa na tabia iliyoniudhi kama mwanahesabu. Ukikipa maandishi matupu, yasiyo na hata herufi moja, hakikuambii "hakuna mstari". Kinakujibu "kuna mstari mmoja, nao ni mtupu". Upuuzi! Sifuri ni sifuri. Tabia hiyo yote ilitoka katika mstari mmoja, wa arobaini na moja, nami nikaufuta pamoja na vumbi jingine. Majaribio yote ambayo kompyuta huyaendesha yenyewe yakapita. Nikatuma.

Ulijibu baada ya saa mbili. Mazungumzo yale huandikwa kwa Kiingereza, nayageuza hapa kama nilivyoyasoma moyoni: "Asante. Tafadhali gawanya rekebisho hili mara mbili. Kufuta mstari wa 41 si usafi. Kunabadilisha tabia ya kipande, na kuna watu wanaoitegemea. Nimeweka hapa chini historia ya mstari huo. Pia nijulishe wote kwamba mwandishi ni baba yangu, kwa hiyo uamuzi wa mwisho autoe mhakiki mwingine."

Nilisoma maneno matatu tu. "Si usafi", la kwanza na la pili. Na "baba yangu" nikalihesabu kuwa moja, kwa hasira. Mtoto niliyemfundisha kushika penseli ananiambia mbele ya ulimwengu mzima kwamba nimeficha kitu ndani ya kifagio! Na ananitangaza, kama mtu anayetangaza ng'ombe mwenye homa! Nikakujibu palepale, hadharani: "Mhakiki asome vizuri." Ndipo kukawa kimya, mtandaoni na mezani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeficha. Si kwa hila, lakini nilijua. Nilijua kwamba ukiuona mstari ule peke yake utauliza maswali, na katikati ya herufi mbili na marudio ungeweza kupita bila kuulizwa. Katika ufundi huu hilo ndilo kosa la wafagiaji. Anayevunja ukuta mchana watu humwona na kumpigia kelele. Anayefagia hakuna anayemwangalia, na ndiyo maana anapaswa kujiangalia mwenyewe.

Uzito wa kosa hilo nilijulishwa na mama yako, kama kawaida.

Unaikumbuka ile programu ndogo niliyomwandikia ya dukani, ya kuchapa kila asubuhi orodha ya marobota yatakayobebwa siku hiyo. Juzi nilijifanya mtaalamu, nikaiwekea, kwenye mashine ya duka, lile ghala la vipande likiwa na rekebisho langu ndani, ili nikuonyeshe kwamba dunia haikuanguka. Jana haikuwa siku ya mzigo. Saa nne mama yako akanipigia simu.

"Mwalimu, mashine yako imegoma. Karatasi haitoki."

"Lakini leo si hakuna mzigo? Ichape nini?"

"Kila siku isiyo na mzigo inatoa karatasi. Kichwa cha habari, na mstari mmoja mtupu. Mimi naandika hapo kwa kalamu, 'leo hakuna', nabandika mlangoni. Wapagazi wanaiona wanaenda kutafuta kazi kwingine. Sasa karatasi hakuna, wamekaa hapa tangu asubuhi wanasubiri. Wanadhani mzigo uko njiani."

Nikasikia sauti ya mtu nyuma yake ikiuliza, "Mama, mzigo inakuja ama haikuji?"

Mstari ule mtupu, ule upuuzi wa mstari wa arobaini na moja, mama yako alikuwa anauandikia kwa kalamu miaka yote hii, na programu iliyoutegemea niliiandika mimi, kwa mkono huu. Mama yako ananijua. Hakungoja nimweleze.

"Mwalimu," akasema polepole, "ni kiti tena?"

"Ni kiti tena," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakata simu kwa bahati mbaya.

Ndipo nilipofungua ile historia uliyoniwekea, ambayo kwa wiki tatu sikuigusa kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kukasirika. Kila mstari katika ghala lile unakumbuka nani aliuandika na kwa nini. Mimi niliyefagia humo kila asubuhi nilikuwa sijazoea kuuliza. Mtu mmoja, miaka mingi iliyopita, alikuwa ameandika maneno machache: ukurasa mtupu nao ni ukurasa, wanaochapa hati watatushukuru. Nilikaa nikiyatazama. Aliweka kiti mlangoni kwa ajili ya watu wenye mizigo vichwani, mtu ambaye sijui hata kama yu hai, na mimi nilikuja na kifagio.

Nayaandika haya yote kwa sababu kesho unakuwa mgeni mahali, na ugeni ni kazi ninayoijua kuliko hesabu. Utafika ofisini kwao utaona mambo yamekaa vibaya. Mengine yatakuwa mabaya kweli. Lakini mgeni ana hamu ya kuonekana ana faida, na hamu hiyo inafanana sana na usafi. Mimi imenichukua viti viwili na mbuzi mmoja kuvitofautisha. Wewe naona umeanza mbele yangu: uliuliza historia ya mstari kabla ya kuugusa, ukaniambia nigawanye, na hukunipitisha kwa kuwa ni mimi. Usiache hiyo tabia hata huko watakakokuwa wazee wenye sauti kubwa kuliko yangu. Wakinuna, watanunua chai yao wenyewe, na baadaye watakuandikia barua.

Na lile tangazo lako. Nimelisoma tena leo. Mwandishi ni baba yangu. Nilidhani umenivua nguo. Leo nimeona kwamba ungeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua. Majina yetu hata hayafanani. Ulisimama mahali ambapo watu wa dunia nzima hupita, ukasema huyu ni baba yangu, na kwa sababu hiyo tupimwe sawasawa. Sijui kama kuna orodha nyingine niliyowahi kuandikwa vizuri hivyo.

Kigali si mbali na Bukavu. Najua umetazama ramani, kwa sababu uliiacha wazi kwenye kompyuta. Sikuagizi chochote huko. Usiende kuitafuta nyumba, na ukienda kwa hiari yako, usiniletee habari ya rangi ya mlango. Walioipaka upya walikuwa na sababu zao. Ila ukifika kando ya ziwa ukala sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, kula sahani mbili.

Sasa niseme nililofanya leo. Saa tisa alasiri nilifunga lile rekebisho la "Usafi mdogo". Nimetuma mawili badala yake. La kwanza ni herufi mbili na marudio, basi, vumbi tupu. La pili halifuti kitu. Limeongeza jaribio linalolinda tabia ya mstari wa arobaini na moja, ili siku mwalimu mwingine wa hesabu atakapokuja na kifagio, kengele ilie kabla hajaufikia. Na juu ya mstari wenyewe nimeongeza maelezo: "Maandishi matupu hutoa mstari mmoja mtupu. Kuna wanaoutegemea. Mmoja wao ni mimi." Sijui kama wataikubali sentensi ya mwisho. Si ya kitaalamu. Usinitetee, yule mhakiki mwingine, mama wa Brazili, ndiye atakayeamua, kama ulivyopanga mwenyewe.

Nilitaka kumalizia hapo, kwa kukutakia safari njema na kwa kukuomba radhi, ambayo naona nimeizunguka kurasa zote hizi kama mpagazi yule anayepita na kurudi. Nisamehe, mwanangu. Nimefika, naliweka robota langu hapa.

Simu yangu imelia sasa hivi, nikadhani ni mtu wa basi. Ni wewe. Uko chumba cha pili, nasikia zipu ya begi, na umejibu rekebisho langu mbele ya ulimwengu mzima. "Asante kwa kugawanya. La kwanza halina tatizo. La pili: nafasi moja imezidi mwisho wa mstari wa sita. Sentensi ya mwisho ya maelezo, napendekeza ibaki." Halafu chini yake, mahali ambapo sijapata kuona mtu akiandika Kiswahili hata siku moja:

"Baba, chai iko tayari."

Basi wa Brazili na wa Finlandi wote wamejua kwamba nyumbani kwetu chai iko tayari. Naifuta ile nafasi iliyozidi, halafu naja. Nitakaa upande wako wa meza, na kabla mama yako hajageuka na birika nitakuuliza habari ya yule mbuzi. Simulia vyovyote upendavyo. Mimi nitakuwa nimenyamaza.

Baba yako,
Kamwokya